Niliwafundisha Ufini

Mwaka niliofundisha bila cheti sikujua kukaa chini. Darasa la tano lilikuwa na kiti kimoja cha mwalimu, kizima kabisa, na sidhani kama nilikikalia mara kumi. Nilitembea. Nilikwenda dirishani nikatazama barabara ya Kebirigo, nikarudi ubaoni, nikapita katikati ya madawati nikiwasahihisha watu waliokuwa wanaandika vizuri tu. Watoto walizoea kugeuza shingo kunifuata, kushoto na kulia, kama wanaomtazama mtu anayefukuza kuku.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, na shule za milima yetu zilikuwa na watoto wengi kuliko walimu, kwa hiyo mtu aliyemaliza kidato cha pili na mwenye mwandiko unaosomeka alipewa chaki. Nilishukuru kwa wiki mbili. Baada ya hapo nilianza kutaka kuondoka. Nilitaka chuo cha ualimu, nilitaka bweni, nilitaka mji wenye taa, nilitaka chochote kilichokuwa mbali na pareto iliyoanikwa kwenye mikeka na mbali na majani chai, ambayo sisi Wasabato tulichuma asubuhi hadi jioni na hatukuruhusiwa kunywa.

Fomu ya chuo ilikuwa imeshakuja. Ilitaka barua ya mwalimu mkuu na sahihi za wanakamati wa shule, wote watano, kisha ipelekwe ofisi ya elimu Kisii kabla shule hazijafungwa. Mmoja wa watano hao alikuwa tata, baba yangu. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyependa maneno mengi, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kupandisha sauti. Hilo la sauti mimi sikulirithi.

Muhula huo jiografia ilikuwa Ulaya. Kitabu chetu kiliipa kila nchi ukurasa mmoja, lakini Ufini haikupata hata huo. Ilipata mistari minne chini ya picha ya magogo yanayoelea mtoni: misitu, baridi, viwanda vya karatasi, na kwamba huko kaskazini, katikati ya mwaka, jua halitui kwa majuma kadhaa. Nilidhani nchi hiyo ingenichukua dakika nane, nipite niende kwingine. Nilitafsiri mstari wa nne kwa Kikisii ili waelewe, nikageuka kufuta ubao.

Nyuma yangu darasa lilichafuka.

"Mwalimu, halitui hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na kuku wanalala saa ngapi?"

Nilicheka, nikasema kuku wa Ufini wana akili zao. Ndipo akasimama msichana wa dawati la pili, mdogo wa umbo kuliko wenzake, mwenye sauti iliyomzidi mwili. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Hakuwahi kuuliza swali akiwa ameketi.

"Mwalimu, kama jua halitui, Sabato inaanza saa ngapi?"

Mtu asiye Msabato anaweza kudhani hilo lilikuwa swali la mzaha. Halikuwa. Sabato yetu huingia jua linapotua Ijumaa. Kabla ya hapo kuni ziwe zimepasuliwa, maji yamechotwa, ndizi zimepikwa, kila mtu ameoga. Jua likishajificha nyuma ya kilima hakuna tena kushika jembe mpaka litue kesho yake. Watoto wale walikuwa wamekimbizana na jua hilo kila Ijumaa ya maisha yao. Sasa nilikuwa nimewaambia kuna nchi ambayo jua lenyewe limegoma. Walianza kubishana. Mmoja alisema Wafini hawawezi kwenda mbinguni. Mwingine akasema wanaweza, lakini wamechoka sana, kwa sababu Ijumaa yao haiishi.

Nilimwambia yule msichana akae. Nina hasira za karibu, na swali nisiloweza kulijibu hunikera kuliko mtu mjinga.

Jioni nilimsimulia tata nikitegemea acheke. Hakucheka. Alishikilia tonge la wimbi mkononi, akatazama mlangoni, akaniuliza kitabu kilisema majuma mangapi. Nikasema kadhaa. Siku mbili baadaye akaniuliza kama yule mtoto amepata jibu. Ijumaa nilimwona amesimama uani akiangalia jua likizama, amekunja uso, nami nikajua anafikiria Ufini. Sijawahi kumpenda kama nilivyompenda dakika ile. Mzee mzima, hakuwahi kufika mbali zaidi ya Kisumu, na kichwa chake kilikuwa kwenye barafu kinatafuta Sabato ya watu asiowajua.

"Kuna yule muuguzi mzungu wa zahanati," aliniambia. "Nasikia ametoka pande hizo. Nenda umuulize."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Jumapili nilitembea hadi zahanati ya misheni, zaidi ya saa mbili, kupita Ikonge, na nikamkuta muuguzi ameketi nje anakunja bendeji. Alikuwa Mfini kweli, Msabato kama sisi, mwanamke mnene mwenye mashavu mekundu na Kiswahili cha kuunga-unga. Swali lilimfurahisha mpaka akapiga makofi. Alisema kwao hata wachungaji wamelibishania. Wakati wa jua la siku zote wazee wa kanisa hukubaliana saa, wakaifuata saa ya ukutani. Na miezi ya baridi kaskazini ni kinyume: jua halichomozi kabisa, na kuna wanaoanza Sabato Ijumaa adhuhuri, gizani, na taa zimewashwa.

Alinisimulia mengi siku hiyo. Malori yanayopita juu ya ziwa kwa sababu maji yameganda yakawa barabara. Mikate yenye tundu katikati, inayoning'inizwa darini kwenye mti mrefu. Watoto wachanga wanaolazwa nje kwenye baridi kali, wamefungwa mablanketi, ili wapate afya. Nilikuwa nimesimama muda wote; alinipa kigoda, nikakikataa.

Kisha nikamuuliza wanajiandaa vipi na Sabato. Macho yake yakalainika. Alisema kila familia ina kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kinaitwa sauna. Ijumaa wanakoka moto, mawe yanakuwa mekundu, wanayamwagia maji, mvuke unajaa. Halafu wanaingia, baba, mama na watoto wote, bila nguo, wanakaa wakitoka jasho, wanachapana taratibu kwa matawi mabichi. Wakitoka wanajigaragaza kwenye theluji. Ndipo wanavaa nguo safi na kuimba.

"Wote pamoja?" niliuliza.

"Pamoja, ndiyo. Baba yangu yeye namwagia mawe maji. Nakumbuka sana."

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nami nilikuwa nimeona haya hata pa kutazama sikupajua.

Inabidi niseme jambo moja kuhusu sisi. Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima na ni aibu kwa pamoja, na inakaa hasa kati ya mzazi na mtoto. Baba haingii chumba wanapolala watoto wake wakubwa. Mtoto hamwoni mzazi akioga. Hata mtoni, mahali pa hawa si mahali pa wale. Na kosa haliko katika kutenda tu. Neno lenyewe la uchi, likitamkwa mahali alipo baba na bintiye, limewavua wote wawili. Mtu mwenye adabu husimama akatoka kabla halijafika.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nimeyanyonya na maziwa. Ila njia nzima ya kurudi sikutembea, nilikimbia, kwa sababu nilikuwa nimebeba kitu ambacho hakuna mwalimu mwingine wa darasa la tano, anayefundisha Ulaya, aliyekuwa nacho.

Alhamisi niliwafundisha Ufini upya. Niliwapa jibu la saa ya ukutani, na yule msichana akatikisa kichwa kama hakimu aliyeridhika. Niliwapa malori juu ya ziwa, wakapiga kelele. Niliwapa watoto wachanga kwenye baridi, wasichana wakasema "ee, woi!" Nilikuwa natembea, narusha mikono, nawaona wanafunguka midomo, na sikutaka waifunge. Nilikuwa nimechoka na kilima kimoja, na nilitaka nao wachoke nacho. Basi nikawapa sauna, yote, kama nilivyopewa: baba, mama, watoto, bila nguo, wakiikaribisha Sabato.

Hakuna aliyepiga kelele. Vichwa arobaini viliinama juu ya madawati kwa pamoja. Niliona nimekosea, na badala ya kunyamaza nikaongeza sauti, nikasema kila watu wana desturi zao na dunia si Nyamira peke yake. Yule msichana peke yake hakuinama. Alikuwa anafikiri.

Kesho yake jioni, kwao, wakati wa ibada ya kufungua Sabato, nyumba nzima ikiwa imekaa, baba yake, mama, bibi, wajomba, aliuliza kwa sauti yake ile kubwa kama ni dhambi Wafini wa kanisa letu kuoga na baba zao uchi kabla ya Sabato, maana mwalimu amesema wanafanya hivyo. Baba yake alisimama kabla ya amina akatoka nje. Hakurudi mpaka watu wamelala.

Jumapili mchana kamati iliitwa.

Tulikaa darasa la saba. Wanakamati watano walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Baba wa yule msichana hakuwa mwanakamati, alikuja kama mlalamikaji, na bintiye alingojea nje chini ya mti wa mparachichi. Mwalimu mkuu alikaa mbele. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, Mkatoliki, hakujua Kikisii, kwa hiyo kikao kilikuwa cha Kiswahili. Mezani mwake kulikuwa na fomu yangu. Alikuwa ameipanga kama shughuli ya mwisho ya siku: wakimaliza haya, wanatia sahihi au hawatii. Niliambiwa nikae. Nilikaa, mguu ukawa unapiga sakafu wenyewe.

"Haya, omogaka," mwalimu mkuu alimwambia mlalamikaji kwa adabu, kwa neno moja la Kikisii alilolijua, la kumwita mzee. "Sema shida yako."

"Mwalimu huyu amefundisha watoto maneno."

"Maneno gani?"

Mlalamikaji alimtazama tata, akanitazama mimi, akatazama kofia yake.

"Maneno mbaya."

"Ndiyo, lakini gani? Mimi naandika."

Mwenyekiti wa kamati alikohoa. Mzee mwingine akasema mambo hayo mwalimu mwenyewe anayajua. Mwalimu mkuu alishika kalamu hewani, amechanganyikiwa kabisa. "Nyinyi wazee mmeniita Jumapili yangu. Msiposema, nitaandika nini?"

Aliyekuwa mgeni pale ni yeye tu. Sisi wengine tulijua kilichokuwepo: tata na mimi tulikuwa chumba kimoja, na shtaka halingeweza kutamkwa mbele yetu wote wawili. Mmoja ilibidi atoke. Nikitoka mimi, nahukumiwa bila kusikilizwa. Akitoka yeye, nabaki na watu wanne ambao sina wangu kati yao. Nilitaka kusimama nipige kelele kwamba hawa ni wazee wa ajabu, wanaoweza kumfukuza mtu kazi kwa neno wasiloweza kulisema.

Tata alijiondoa kwenye dawati polepole. "Mimi niko nje," alisema. "Muulizeni binti yangu. Atasema kama ilivyokuwa."

Alitoka akasimama chini ya paa, ametupa mgongo. Madirisha yetu hayakuwa na vioo, yalikuwa na mbao za kufungua, na zilikuwa wazi. Nililiona bega lake la koti la Sabato. Kila mtu aliliona. Kwa desturi alikuwa ameondoka.

Hapo mlalamikaji akasema, kwa sauti ya chini, na jasho likimtoka. Mwalimu mkuu aliandika, akaacha kuandika, akanigeukia.

"Mwalimu, ulisema hivyo darasani?"

Nimewaza jibu lile mara nyingi kuliko nilivyowaza ndoa yangu. Ningeweza kusema ndiyo, nilisema, na ni kweli, kamuulizeni muuguzi. Nilijiambia kwa muda mrefu kwamba lililonizuia ni bega lile dirishani, kwamba binti hawezi kukiri neno hilo baba yake akisikia, kwamba ilikuwa heshima. Ningependa iwe hivyo. Lakini mimi nilikuwa natazama meza. Kilichonizuia ni ile fomu.

"Hapana," nilisema. "Nilisema Wafini wanaoga kabla ya Sabato. Kila mtu kwa wakati wake. Mtoto alisikia vibaya."

Mabega ya wazee yalishuka. Hata mlalamikaji alipumua. Nilikuwa nimewapa wote njia ya kwenda nyumbani.

Mwalimu mkuu, kwa kutenda haki, aliagiza mtoto aitwe. Alisimama mlangoni, mikono nyuma. Mwalimu mkuu hakumuuliza amesikia nini. Alimuuliza, "Mwalimu wako anasema ulisikia vibaya. Ni kweli?"

Msichana alinitazama. Baba yake alikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ijumaa alilisema neno lile bila kujua uzito wake. Tangu Ijumaa alikuwa amefundishwa. Hakuwa na njia ya kulirudia mbele ya baba yake, na mimi nilijua hana. Ndiyo maana niliweza kusema nilichosema.

"Ndiyo, mwalimu," alisema. "Nilisikia vibaya."

Ile sauti kubwa haikuwepo.

Mwenyekiti alisema mtoto lazima afunzwe kusikiliza, asije akavunja jina la mtu mwingine. Mwalimu mkuu akasema ni sawa, viboko viwili vya mkono, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa darasa, mimi ndiye nitakayempa. Nilipewa fimbo. Alinyoosha mkono bila kuambiwa upi. Nilimchapa viwili, si kwa nguvu, na kuona kwamba nilichapa polepole kulimfanya anitazame tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kisha baba yake akamchukua wakaenda.

Tata aliitwa ndani. Hakuna aliyemwambia kilichotokea na hakuuliza. Fomu ilizunguka. Yeye ndiye aliyetia sahihi mwisho, kwa herufi zake kubwa za shule ya jioni, na mwalimu mkuu akagonga muhuri.

Tulirudi kwa njia ya mashamba ya chai, yeye mbele na mimi nyuma, fomu nimeikunja ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na miguu ilinisumbua kuliko siku zote. Nilitaka kumpita, nilitaka kukimbia, nilitaka mvua inyeshe. Tulipofika kwenye kijito alisimama kunisubiri nivuke, ila hakunitazama.

"Yule mtoto yuko darasa langu la Sabato," alisema. "Nikimsomea kifungu mara moja, Sabato inayofuata anakisema chote. Hajawahi kukosa neno."

Alivuka, akashika njia ya nyumbani.

Nilielewa kwamba amejua. Nilielewa pia kwamba hataniuliza kamwe, wala mimi siwezi kumweleza, kwa sababu kumwambia kwamba mtoto alisikia vizuri kungekuwa kumtajia alichosikia. Tata aliishi miaka mingi baada ya hapo. Tuliongea juu ya chai, juu ya watoto wangu, juu ya magoti yake. Hilo halikupata mlango.

Kwa tata nina kisingizio. Lakini zilikuwa zimebaki wiki tatu shule zifungwe, na wiki tatu ni muda wa kutosha kumwita mtoto kando, mchana, kwenye njia ya mtoni, na kumwambia maneno mawili: ulisikia vizuri. Yeye na mimi hatukuwa na chinsoni baina yetu. Sikuwa mama yake. Kila asubuhi nilipita karibu na dawati la pili nikitembea, kushoto na kulia, naye hakugeuza shingo kunifuata. Nilifundisha Norwe. Nilifundisha Uswidi. Niliuliza kama kuna mwenye swali, hakukuwa na mwenye swali, nikajaza daftari la maksi, nikampa yule msichana nambari moja, nikaondoka.